Viazi Vitajichemsha Vyenyewe

Deventer, 9 Novemba 2019

Mdogo wangu mpenzi Aleid,

Pokea salamu zangu na za Lubbert, zikukute hapo Ontario mkiwa wazima wote, wewe na shemeji Roelof, watoto, na hao wajukuu ambao majina yao nayajua kwa kuyasoma tu. Goti lako linaendeleaje? Uliniandikia kwamba daktari amekukataza kupanda ngazi ya ghalani, nami nikamwambia Lubbert kwamba daktari huyo bado hakujui. Huku kwetu hatujambo. Mvua haijakatika tangu wiki iliyopita, mto umepanda mpaka kwenye mabenchi, na Lubbert anameza vidonge vyake vya presha bila kukosa, ila jibini amekataa kuiacha. Kwa ujumla nina raha. Sikutegemea kwamba umri huu ungekuwa mtamu hivi.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini wewe na mimi tukishika simu tunaongelea hali ya hewa na bei ya maziwa, kisha mmoja wetu anasema simu ni ghali, kumbe siku hizi si ghali hata kidogo. Haya ninayotaka kukueleza yanahitaji karatasi. Jitengenezee kahawa kwanza, ukae.

Mwezi wa tano alinijia msichana mmoja anayeitwa Jorinde. Ana nywele fupi kama za mvulana na viatu vikubwa kama vya mchimba makaburi. Anafanya kazi kwenye televisheni. Aliniambia kwamba mwakani itatimia miaka hamsini tangu wanawake wa nchi hii waanze kupiga kelele barabarani, na kwamba wanatengeneza kipindi kirefu, nusu mahojiano na nusu maigizo, na sehemu moja itahusu Deventer. Alikuwa amepata jina langu kwa watu. Nikamkaribisha kahawa na biskuti, akala tatu, nikampenda hapo hapo.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama tulichoma sidiria zetu pale uwanjani au tulizichoma kando ya mto.

Nilicheka mpaka Lubbert akatoka jikoni na kisu cha viazi mkononi kuja kuona kuna nini. Nikamwambia Jorinde kwamba mimi wakati ule nilikuwa na sidiria mbili, moja mwilini na moja kwenye kamba, na ambaye angethubutu kuigusa mojawapo kwa kiberiti tungekosana. Hakuna aliyechoma kitu Deventer. Hata Amsterdam nadhani hawakuchoma. Lakini kila mwaka nikiwasha televisheni, wakitaja habari zetu, lazima uone moto. Nimeuona moto huo mara nyingi kiasi kwamba siku nyingine najiuliza kama labda nilikuwepo nikausahau.

Jorinde akaniomba nimweleze basi ilikuwaje. Nikamweleza, na wewe niruhusu nikueleze pia, ingawa unakumbuka vizuri. Nimegundua kwamba miaka yote hii tumekuwa tukikumbuka siku mbili tofauti.

Ilikuwa Ijumaa ya Aprili, siku ya soko. Nilichukua ruhusa ofisini, nikamwambia mkuu wangu kwamba nina jambo la kifamilia. Tulikuwa wanawake kama thelathini pale uwanjani, na hoja yetu siku hiyo ilikuwa moja: mji mzima ulikuwa na vyoo vya barabarani vya wanaume kila kona, na kwa mwanamke hapakuwa na hata kimoja. Mke wa mkulima akija kuuza mayai tangu alfajiri ilibidi aombe mkahawani, na mkahawani walimtaka anunue kinywaji, na kinywaji unajua kinakoishia. Kwa hiyo tulinunua utepe wa rangi ya waridi, tukazungushia mlango wa kile choo cha chuma cha wanaume karibu na nyumba ya mizani, tukafunga fundo kubwa kama la zawadi. Wanaume walisimama mbele yake na mikono mifukoni. Muuza samaki mmoja akatuuliza, “Sasa nyie mabinti, mnataka mimi niende wapi?” Mwenzetu mmoja akamjibu, “Huko huko anakokwenda mkeo, baba.” Watu walivunjika mbavu, na yeye mwenyewe akacheka.

Televisheni ilikuja. Kijana mwenye kinasa sauti, jina lake Wiebe, na mwenzake wa kamera. Wiebe alinihoji muda mrefu. Nilimweleza habari za vyoo, habari za mishahara ya wapiga chapa, habari za wanawake wasiojua kwamba wanaweza kufungua akaunti benki kwa majina yao wenyewe. Nilisema vizuri, Aleid, nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo. Mwishoni akaniuliza kwa utani nani anapika nyumbani kwetu leo. Nami, kwa kuwa nilijua Mama amekwenda kwa daktari wa meno, nikasema nikicheka, “Leo viazi vitajichemsha vyenyewe.”

Jioni, baada ya taarifa ya habari, hicho ndicho walichokionyesha. Utepe, miguu ya wasichana, mimi nimefungua mdomo nacheka, na hivyo viazi. Juu yake sauti ya mwanamume ikieleza nchi nzima kwamba hawa ni mabinti wasiotaka kuolewa wala kupika.

Na wewe ulikuwa umekaa mbele ya televisheni ile na Baba, na Roelof, na mama mkwe wako mtarajiwa ambaye alikuwa amekuja kupanga mambo ya harusi. Na viazi vile ulikuwa umevimenya wewe.

Kesho yake ulikuja kwenye chumba nilichokuwa nimepanga mjini. Sijasahau ulivyosimama mlangoni hata koti hukuvua. Ulisema, “Gonnie, mimi ndiye niliyekuwa jikoni. Mimi ndiye kiazi chako kinachojichemsha.” Ulisema mama yake Roelof aliuliza kama ukichaa uko kwenye ukoo. Ulisema Baba alizima televisheni akaenda kuchambua mbegu zake za maharage, na kwamba Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo, akasema neno moja tu, kwamba nywele zangu zilihitaji kuchanwa. Nilijaribu kukueleza kwamba nilisema mengine mengi na wao ndio walioyakata. Hukuamini, na sikulaumu, maana kila mtu aliona kwa macho yake. Mwezi wa nane mkapanda ndege, wewe na Roelof. Tangu hapo tumeandikiana mamia ya barua, na viazi hatujavitaja.

Basi, turudi kwa Jorinde. Mwezi wa tisa alinialika kwenda kuangalia wakirekodi maigizo yao, hapo hapo uwanjani. Walikuwa wamefunga barabara mbili na kuleta magari ya zamani. Nikaonyeshwa mwigizaji anayeniigiza mimi. Mzuri, Aleid, mwembamba kama fito, sketi imeishia mapajani, na sigara mdomoni. Nikamwambia, mwanangu, mimi sijawahi kuvuta sigara, kifua kinanibana. Akaniambia kwa upole kwamba sigara inampa kitu cha kufanya na mikono. Wenzake wote walikuwa wa umri huo huo na sura hiyo hiyo. Katikati yao wameweka pipa la chuma, na mtu wa zimamoto anangoja pembeni.

Nikamwendea mwongozaji, bwana mmoja anayeitwa Casper, mwenye kofia ya sufu. Nilimuuliza pipa ni la nini. Akasema, “Mama, bila moto mtazamaji hajui anaangalia nini.” Nikamwambia mtazamaji akiambiwa atajua. Nikamwambia pia kwamba mabinti tulikuwa nusu tu. Kulikuwa na mkunga wa mtaa wa Noordenberg aliyekuja na baiskeli yake. Kulikuwa na mke wa muoka mikate, mwenye unga bado mikononi, na mjane mmoja aliyekuja kutugombeza, akaishia kushika ncha ya utepe. Wako wapi hao? Casper alinisikiliza, namsifu kwa hilo, kisha akasema kwamba wanawake wa makamo wenye makoti hawasemi kitu kwenye kioo cha televisheni. Nikamjibu, “Wanasema sana. Nyie ndio mnaowazima sauti.” Sikumpigia kelele. Nilivaa glavu zangu nikaenda nyumbani, nikamkuta Lubbert amepika supu ya dengu, tukala, nikalala vizuri kabisa. Zamani ningekesha kwa hasira.

Lakini Jorinde hakulala vizuri. Wiki ya pili yake alinipigia. Alikuwa amekwenda kwenye ghala la filamu za zamani, Hilversum, kuomba mabaki ya siku ile, vile vipande walivyokata na kuvitupa pembeni. Alitegemea wamevichoma, kumbe kimoja kilikuwepo, ndani ya kopo lake, bila jina. Akaniambia, “Bibi Gonnie, kuna wanawake wenye makoti humu. Wengi. Kuna mmoja nataka umwone, lakini sitaki kukuambia kwa simu.”

Tulikwenda kwa treni Alhamisi ya wiki iliyopita, mimi na Lubbert. Walituweka kwenye chumba kidogo chenye viti vitatu. Jorinde akazima taa.

Mkunga alipita na baiskeli yake, kweli kabisa kama nilivyomweleza Casper. Nikampiga Lubbert kiwiko. Mke wa muoka mikate akapita. Kisha Wiebe anasikika akisema samahani mama, una dakika, na anayegeuka ni mwanamke mwenye koti la kijivu na kofia ya bluu, na kwenye kikapu chake kichwa cha kabichi.

Aleid, alikuwa Mama.

Nilifikiri nimekosea. Nikaomba wasimamishe. Wakasimamisha, akabaki pale ananiangalia, na ile tabia yake ya kubana midomo kabla ya kusema jambo. Lubbert akanishika mkono, akasema, “Ni yeye, Gonnie. Ile kofia alikuja nayo kwenye harusi yetu.” Hakuwa kwa daktari wa meno. Alikuwa pale pale uwanjani, nyuma yangu.

Nitakuandikia aliyoyasema, kwa sababu nimeomba nisikilizishwe tena na tena mpaka nikayashika.

Wiebe alimuuliza kama anakubaliana na hawa mabinti. Mama akasema hajui mabinti wanasema nini kwa sababu wanacheka sana, lakini choo anakihitaji, tena sasa hivi. Wiebe akacheka. Mama hakucheka. Akasema:

“Nilikuwa mwalimu, Olst. Darasa la tatu. Niliolewa Jumamosi, na Jumatatu darasa langu lilikuwa la mtu mwingine. Ndiyo ilikuwa sheria, mwalimu akiolewa anaondoka. Wakanipa saa ya ukutani na shada la maua. Sikuweza kulia, maana ilikuwa harusi yangu, watu wangefikiri simtaki mwanamume.”

Wiebe akamwambia sheria hiyo ilishafutwa zamani. Mama akasema anajua, alisoma gazetini akiwa amepiga magoti anasugua ngazi. “Nilimwonyesha mume wangu. Akasema, una shida gani, Dina, kwani tunakosa nini? Na ni kweli hatukosi kitu. Mimi tu ndiye ninayekosa.”

Uliwahi kujua haya? Mimi nilijua kwamba aliwahi kusaidia shuleni, hivyo ndivyo Baba alivyokuwa akisema, kusaidia. Ile saa ya ukutani ya barazani niliifuta vumbi kila Jumamosi ya utoto wangu, na sikujua ilikotoka.

Kisha Mama akanyoosha kidole, na kamera ikafuata, nami nikajiona kwa mbali nikihangaika na utepe. Akasema, “Yule anayepiga makelele ni wangu. Hajui niko hapa, na usimwambie, ataacha kuchekesha watu aanze kunichunga.” Halafu akasema maneno ambayo ndiyo yamenifanya nikae kuandika barua hii. Nayaandika polepole.

“Nina mwingine, yuko nyumbani anashona gauni lake la harusi. Yule ni hodari kuliko huyu. Anataka ng'ombe, anataka watoto, anataka Kanada, na anajua kwamba anataka. Hakuna aliyemlazimisha. Mimi sikuulizwa, ndiyo tofauti. Mkimwonyesha huyu mwenye utepe peke yake mtakuwa mmesema nusu ya habari. Ningekuwa mimi ningewaweka wote wawili, wamekaa pamoja.”

Nadhani Wiebe hakutegemea hayo. Akamshukuru, akamwambia ataonekana jioni. Hapo Mama akamshika mkono wa koti. “Hapana, kijana. Mume wangu huangalia taarifa ya habari. Ni mtu mwema na sitaki ajue haya kutoka kwenye kile kisanduku. Naomba usinionyeshe.” Wiebe akasema, “Sawa, mama. Sitakuonyesha.” Na filamu inaishia hapo, Mama anaondoka kati ya watu, kofia ya bluu inapotea nyuma ya kibanda cha jibini.

Lubbert alikuwa analia. Mimi sikulia, nilikuwa na furaha isiyo na pa kwenda. Miaka yote hii nimekuwa nikiwatukana watu wa televisheni kwamba waliwakata wanawake wenye makoti kwa dharau. Wengine waliwakata kwa dharau, hilo sijaliacha. Lakini huyu mmoja walimkata kwa sababu aliwaomba, na kijana wa miaka ishirini na kitu akatimiza ahadi yake kwa mwanamke ambaye hakumjua hata jina. Nilimuuliza Jorinde kama Wiebe yu hai nimshukuru. Alifariki zamani.

Unakumbuka ule mwaka uliofuata, Mama alipoanza kwenda maktaba jioni mbili kwa wiki, akatuambia kwamba “anasaidia kupanga vitabu”? Nilikwenda juzi maktaba kuuliza, kuna mama mmoja mzee anayejitolea pale, Bi Truus. Akaniambia, “Kupanga vitabu? Mama yako alinifundisha kugawanya. Mimi nilikuwa binti tu, pamoja na akina mama kumi wenye watoto wakubwa. Alikuwa mkali, tulimwogopa kama watoto.” Na unajua nani alikuwa akija kumchukua saa tatu usiku na baiskeli, akingoja nje kwenye mvua? Baba. Bi Truus anasema hakuwahi kuingia ndani, lakini hakuwahi kuchelewa. Kwa hiyo Mama alimweleza. Lini na kwa maneno gani, hatutajua, lakini alimweleza mwenyewe kama alivyotaka, na yeye akaitoa baiskeli nje.

Sasa nikuambie nilichofanya, kwa sababu sikukuandikia kwa ajili ya habari peke yake. Casper ameiona filamu. Alivua ile kofia yake. Anataka kumweka Mama mwanzoni kabisa mwa kipindi, kabla ya mtu mwingine yeyote kusema neno. Moto anaubakiza, tulivutana sana, mwishoni amekubali tu kuandika chini ya picha kwamba ni maigizo. Ndivyo walivyo. Lakini Jorinde amesema Mama hataonyeshwa bila ruhusa ya watoto wake wote wawili, na mimi nimewaambia ruhusa ya kwanza itoke kwako. Yangu nitaitoa baada yako. Baba hayupo wa kuaibika, na Mama aliogopa jambo moja tu, nalo limepita. Hata hivyo ni wewe aliyekuzungumzia kwa mapenzi mbele ya kamera ile. Ukisema abaki ndani ya kopo lake, atabaki, na mimi na wewe tutakuwa tunamjua, nitaridhika hivyo.

Jambo moja jingine, na hili si la televisheni. Siku ile uliposimama mlangoni kwangu na koti lako ulisubiri nikuulize swali, na mimi nilikuwa na haraka ya kujieleza. Nakuuliza sasa. Ilikuwaje jikoni siku ile? Ulikuwa unawaza nini? Niandikie, kurasa nyingi kadiri utakavyo. Nimeona upande wangu wa siku hiyo mpaka nimeuchoka, na upande wa Mama nimeupata Alhamisi ile. Wako sina.

Nisalimie shemeji Roelof, mwambie mtu wa Deventer anamuulizia. Wabusu wajukuu, hasa yule mdogo unayesema hataki kuvaa gauni wala suruali, anataka kutembea na taulo. Lubbert anakusalimu sana, anasema ukija masika chumba cha juu kipo na kitanda amekikaza miguu. Njoo na goti lako, tutatembea taratibu.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Gonnie